Nilisema Nataka Kufua

Mama aliniusia tukiwa tunachambua mchele. Yeye amekaa kwenye kiti chake, ungo mapajani, na mie nimekaa chini mkekani, maana wakati ule bado nlikuwa naweza kukaa chini. Akasema, bila hata kuinua macho, "Siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniosha. Wifi yako simtaki. Ana kucha ndefu."

Nikamwambia, "Mama, hebu tuchambue mchele."

"Nnachambua. Nnakwambia huku nnachambua."

Kwetu jambo hili liko hivi. Mzee akikitaja mwenyewe kifo chake, huo ni wasia, na watu humsikiliza kwa adabu. Mtoto akikitaja, ni uchuro. Mzazi wako yuko hai, anakunywa chai yake, halafu wewe ukae upange mazishi kwa mdomo wako? Ni kumwita asiyeitwa. Nimelelewa hivyo na sikuwahi kuona haja ya kubishana nalo. Basi sikumjibu ndiyo wala la. Nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele. Lakini wasia nshausikia, na mtoto wa kike kwa mama yangu ni mmoja tu, na huyo ni mie. Kaka yangu kazi yake ingekuwa kaburini, si kwenye kuosha.

Asiyeijua kazi ya kuosha maiti asidhani ni nyepesi. Kitanda cha kuoshea kinachotoka msikitini kwetu ni kifupi, kinaishia chini ya magoti. Unaanza umeinama na unamaliza umeinama. Unamimina maji, unasugua polepole, unanyanyua mkono, unanyanyua mguu, unamgeuza upande huu kisha upande ule. Na mtu akishakufa anakuwa mzito, hata aliyekonda. Nlikuwa nshasaidia kwa shangazi na kwa jirani, kwa hiyo najua ninachokisema. Siku mama aliyoniusia sikuwa na hofu ya kuinama hata kidogo. Hofu yangu ilikuwa kumkosa yeye.

Mgongo ulikuja kuniharibikia baadaye. Mie ni fundi cherehani. Nimeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, Mji Mkongwe, tangu nikiwa msichana, nimeinama juu ya kitambaa, mguu kwenye pedeli, mlango wazi nipate mwanga, kwa sababu kichochoro chetu jua hulioni ila saa sita mchana. Maumivu yalianzia kiunoni kama uchovu wa kawaida. Yakashuka takoni, yakateremka nyuma ya paja mpaka kisiginoni, mguu wa kushoto wote ukawa unawaka kama umepakwa pilipili. Kukaa taabu, kusimama taabu, na kulala ndiyo balaa kabisa. Nikaanza kusali kwenye kiti. Siku ya mwanzo nililia, sioni haya kusema, maana katika nyumba ile kiti cha kusalia kilikuwa cha mama.

Kilichoniuma zaidi ya mgongo ni ule wasia. Kila nilipoinama kuokota kijiko kikanishinda, akili yangu haikwenda kwenye kijiko. Ilikwenda kwenye kile kitanda kifupi.

Basi nikaanza kuzunguka na maradhi. Hospitali moja wakanipa vidonge. Hospitali nyengine wakanipa vidonge vyengine. Mkandaji wa mtaani kwetu, bibi mmoja wa Makunduchi aliyeolewa mjini zamani, akawa anakuja kunichua kwa mafuta ya nazi yaliyotiwa karafuu. Wifi yangu, mke wa kaka, akanipeleka kwa mtu wa kuumika, anayetoa damu kwa pembe, huko kwao Mwanakwerekwe. Nikaumikwa mgongo mzima, na mama alipoziona zile alama akasema nimekuwa kama chapati iliyoungua. Nikanywa na kombe, aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani zikaoshwa kwa maji. Na kote huko nilifunga mdomo. Daktari hakujua habari za mkandaji, mkandaji hakujua habari za vidonge, na mtu wa kuumika hakujua habari za yeyote. Si kwamba mie mwongo. Ni haya tu. Mtu anakutibu kwa roho yake safi, utamwambiaje kwamba hukutosheka naye?

Siku moja nikatapika damu pale uani. Mama akaniona. Hakupiga kelele, alinishika kichwa mpaka nikamaliza, halafu akanambia, "Wewe mtoto, usije ukanitangulia. Utaniharibia mpango wangu." Nikacheka na damu mdomoni. Kaka akaja na gari akanipeleka kliniki moja ya ng'ambo ya mji ambayo sikuwahi kufika.

Daktari aliyenipokea alikuwa mtoto wa hapa hapa Unguja, mdogo wa kuweza kuwa mwanangu, na ana sauti ya taratibu inayokufanya uone aibu kufoka. Akaniamkia, nikamwitikia. Akataka kuona dawa zangu zote. Nikaukung'uta mkoba juu ya meza yake, vikamwagika vidonge vya kila rangi. Akavichambua kama sisi tunavyochambua mchele, akaweka pakiti mbili pembeni.

"Mama, hii na hii ni dawa moja. Majina tu mbalimbali. Umekuwa ukinywa maradufu, ndiyo imekuchoma tumbo."

Nikazitazama zile pakiti mbili.

"Na nani mwengine anakutibu? Mie sikukamati, mama. Nataka kujua tu."

Nikamwambia wote. Mkandaji, mtu wa kuumika, kombe, majani niliyopewa na muuza dawa za miti pale Darajani. Nilikuwa nimechoka. Aliandika kimya, alipomaliza akanambia maneno mawili, na la kwanza lilinifanya nimchukie hapo hapo. Alisema maumivu yangu hayataondoka yote. Yatapungua, yatakuja na kwenda, lakini nisikae nikayangoja yaishe. La pili alisema kwamba kuanzia siku ile kila anayenigusa atamjua mwenzake, na wote wataelewana, au sivyo wataniua kwa kunipenda.

Akawaita kweli. Sikuamini mpaka nilipomwona yule bibi mkandaji anaingia kliniki kavaa buibui lake la harusini, uso umemkauka, kadhani ameitwa kuja kukaripiwa. Daktari alinyanyuka akampa shikamoo, akamvutia kiti. Alikuwepo na nesi mmoja mchangamfu, kazi yake ilikuwa kutuunganisha sote kwa simu. Na alikuwepo binti wa mazoezi ya viungo, msichana wa bara, Mkristo, mrefu, mikono yake ina nguvu kama ya fundi seremala. Wakazungumza habari za mgongo wangu mie nikiwa nimekaa katikati, kama wazee wanaoposa. Mkandaji akaambiwa asikandamize ule mfupa wa chini, lakini mapaja na mabega ayachue kama ajuavyo. Yeye akawaambia wapi nyama imekaza zaidi. Daktari akapunguza dawa, akaniandikia nyengine ya mishipa. Mtu wa kuumika akapumzishwa kwanza mpaka tumbo lipone. Kombe hawakuligusa. Daktari alisema tu, "Hilo endelea nalo."

Halafu yule binti wa mazoezi akanigeukia. "Mama," akasema, "nisikuulize unaumwa wapi, nshasikia. Nataka kujua kitu kimoja. Mwili huu unautaka kwa kazi gani? Kuna jambo gani ambalo leo huwezi, na ungetaka sana uliweze? Nikilijua hilo, mazoezi yote nitayapanga kwa ajili yake."

Nililijua jibu kabla hajamaliza kuuliza. Lilikuja mpaka kwenye meno. Nataka niweze kumuosha mama yangu siku atakapokufa.

Na mama alikuwa nyumbani saa ile, nimemwacha anakula mkate wa boflo na chai. Nimtaje vipi mbele ya watu wanne, kwenye chumba cha hospitali, jina la Mungu limebandikwa ukutani, niseme nafanya mazoezi nikingoja afe? Hata kusema kumwogesha nilishindwa. Mama alikuwa bado anaoga mwenyewe, na ile kauli ilikaa karibu mno na ile ya kuosha maiti. Nikamtazama mkandaji. Yeye ni mmoja wa wanawake wanaoosha maiti mtaani kwetu, na alikuwa akimjua mama tangu ujanani. Akanitazama na yeye, halafu akayaangalia mafuta yaliyokauka kwenye kucha zake.

"Kufua," nikasema. "Nataka niweze kufua nguo zangu mwenyewe."

"Vizuri sana," akasema binti, na akaandika.

Kwa hiyo nikafundishwa kufua. Na nikafundishwa vizuri, sitaki mtu aseme vyengine. Yule binti alikuja mpaka nyumbani, akapima uani kwa macho, akasema beseni lisikae chini tena. Kaka akaleta meza, beseni likapanda juu yake, karibu na bomba. Nikaonyeshwa kusimama mguu mmoja ukiwa juu ya kibao, kiuno kisichoke. Nikaonyeshwa kujaza ndoo nusu, kubeba kwa magoti, kupumua nje ninaponyanyua. Nguo nzito unaizungusha kwenye bomba, unaisokota mkono mmoja, hujipindi. Asubuhi nitembee mpaka pwani nirudi, polepole, hata kama mguu unanitukana. Mama alikuwa amekaa mlangoni pa chumba chake anatutazama.

"Sasa hii ndiyo nini?" akamwuliza yule binti. "Anafua au anauza samaki?"

Binti akacheka mpaka akakaa. Tangu siku ile alikuwa hafiki kwetu bila kumtafuta mama kwanza.

Nesi naye kwa simu. Umelala vipi? Umetembea? Kuanzia moja mpaka kumi, maumivu leo ni ngapi? Nikamwambia, bibi we, huu ni mgongo, si mtihani wa darasa la nne. Akacheka, akauliza vile vile. Na walikuwa wanaambizana kila kitu hawa watu. Nikilalamika kwa mkandaji jioni, asubuhi daktari anajua. Nikificha kidonge kwa nesi, binti wa mazoezi ananiona ninavyochechemea, ananisema. Mtu mzima kama mie, nikakosa hata siri ya mgongo wangu. Lakini nilianza kulala. Nikaanza kukaa kwenye cherehani muda wa kumaliza sketi moja kabla sijanyanyuka. Yale maumivu yalikuwepo, yanakaa nami chumba kimoja, ila hayakuwa tena yananiamuru kila kitu.

Mama ndiye aliyekuwa anapungua. Alianza kuacha chakula sahanini, yeye aliyekuwa akitusema kwa kuacha punje moja. Sauti ikawa ndogo. Daktari wake alisema ni moyo, na ni umri, na hakuna cha kukata wala cha kushona. Aliendelea kuoga mwenyewe nyuma ya pazia, amekaa kibaoni, na mie nikisimama upande wa pili nasikiliza kata ikichota na maji yakimwagika sakafuni. Yakikawia kumwagika, namwita.

"Mama."

"Nipo. Usinihesabie maji."

Nikajikaza, kwenye mazoezi nikaanza kuinama kuliko nilivyofundishwa. Siku moja binti wa mazoezi akaniona. "Mama, mbona kila siku unataka kuinama chini hivyo? Beseni liko juu ya meza. Kufua huhitaji kuinama huko."

Nilikaribia kusema. Wallahi nilikaribia. Mama alikuwa chumbani, mlango wazi, redio yake inasoma habari za vifo vya siku ile, kama anavyopenda kusikiliza ajue nani kaondoka. Nikamwambia binti kwamba napenda tu mgongo unavyonyooka nikiinama.

Mkandaji alikuja wiki ile ile. Alinilaza kifudifudi, akatia mafuta, akaanza mabegani. Akauliza, "Mama anakula?"

"Kidogo."

Akachua, akachua. Mikono yake ilikuwa inajua kila kitu kilichokuwa kichwani kwangu, na mie nilikuwa najua kwamba inajua. Baadaye akasema, "Basi tuukaze huu mgongo."

Mama alikufa asubuhi, baada ya kuitaka chai. Nilikwenda kumpozea, nikarudi na kikombe, nikamwita, hakuitika. Nikakaa kitandani pembeni yake na kile kikombe mkononi. Sijui nilikaa kiasi gani. Nakumbuka kwamba mgongo haukuniuma hata kidogo wakati ule, na kwamba lilinikasirisha hilo, maana nilitaka kitu kiniume.

Kaka akaja, akaenda msikitini, watu wakatangaziwa, waliokwenda kuchimba wakaenda. Nyumba ikajaa wanawake. Uani pakazungushiwa mashuka na kanga pakawa kama chumba. Nilipoingia ndani ya yale mapazia nikakuta kitanda cha kuoshea kimenyanyuliwa, miguu yake minne imekaa juu ya matofali, kimefika kiunoni kwangu. Mkandaji alikuwa anakijaribu kwa mkono kama hakitikisiki.

Wifi yangu akasema, "Kitanda juu namna hii? Maji si yatatuchirizikia sote?"

"Wewe mimina tu," akasema mkandaji. "Tutaloa."

Akanitazama, mara moja tu, kisha akaanza kukunja mikono ya nguo yake. Nikapata hakika kwamba tangu siku ile pale kliniki alikuwa amenielewa.

Tukamwosha watatu. Mkandaji akatuongoza, wifi akamimina, na mie mikono yangu ndiyo iliyomgusa. Maji yalikuwa na majani ya mkunazi. Nikamsafisha, nikamtawadhisha, nikamwosha kichwa. Nilikuwa nimesimama na mguu wangu juu ya kibao kama nilivyofundishwa, napumua kama nilivyofundishwa, na mgongo ukavumilia. Nikamwosha upande wa kulia wote, kuanzia shingoni mpaka vidoleni. Nilimwambia maneno moyoni ambayo sitayaandika. Nilijiona naweza. Nilijiona nimefika, na kwamba yale matembezi yote ya pwani na zile ndoo nusunusu zimenifikisha mahali nilipotaka.

Halafu mkandaji akasema, "Tumgeuze sasa, tupate upande wa kushoto." Yeye akashika bega, mie nikashika nyonga. Nikavuta. Na kiuno kikakatika.

Sijui niseme vipi. Si maumivu yale ya kila siku, yale nshayazoea. Ni kama mtu kauchomoa mguu wangu. Na mama alikuwa nusu kageuka, mikononi mwangu, anateleza kwa maji, na siwezi kumvuta wala siwezi kumrudisha. Nilichokuwa nasema ni kimoja, "Msimwachie, msimwachie," na mwenye kumwachia ni mie. Mkono wa wifi ukapita chini ya wangu ukamdaka. Nikauona ule mkono karibu na uso wangu. Kucha zake alikuwa kazikata asubuhi ile, zote, mpaka nyamani.

Wakamlaza. Wakanikalisha kwenye kigoda, kichwani kwa mama. Upande wa kushoto akauosha wifi yangu, aliyekataliwa, na aliuosha kwa upole kuliko nilivyotarajia, machozi yanamdondoka na anayafuta kwa bega asije akayachanganya na yale maji. Mie niliachiwa nywele. Nywele za mwanamke anayeoshwa husukwa mikia mitatu, na za mama zilikuwa chache, hazikunichukua muda. Nikazisuka pole pole, maana baada ya hapo sikuwa na kazi tena. Kafuri likatiwa kwenye maji ya mwisho, na mie nimekaa tu.

Kaka aliponiona nimetolewa nimeshikwa huku na huku alidhani ni kilio. Watu wengi walidhani hivyo. Nikawaacha wadhani.

Hitma ilipomalizika nikarudi kliniki, nimeegemea mkongojo wa mama. Walikuwepo wote, mkandaji pia, na kila mmoja alinipa pole yake. Daktari akanigusa mgongo, akabadilisha dawa. Nesi kwa mara ya mwanzo hakuniuliza namba. Binti wa mazoezi macho yalikuwa yamemvimba, alimpenda mama yangu. Akauliza polepole imekuwaje mpaka kiuno kikarudi hivi, nimefua nini.

"Sikufua," nikamwambia. "Sikuwahi kutaka kufua."

Nikawaeleza. Sikulia, nilieleza kama mtu anayeeleza safari. Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye si mtu wa kuficha maneno, na nilishukuru na sikushukuru.

"Mama," akasema, "kumgeuza mtu aliyelala ni kitu tunachowafundisha wauguzi. Linatandikwa shuka chini yake, unavuta shuka, humvuti mtu. Unatumia uzito wako mwenyewe, unarudi nyuma. Hata mtu mwenye mgongo kama wako anaweza. Ningekufundisha asubuhi moja."

Feni ilikuwa inazunguka. Asubuhi moja. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi na miezi, na kilichokuwa kinatakiwa ni shuka na asubuhi moja, na mdomo wangu.

Nikamgeukia mkandaji. "Wewe ulijua."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema vipi," akasema, "na mwenyewe yu hai, anakunywa chai?"

Sikuweza kumkasirikia. Nilijaribu. Lakini ni jibu langu lile, amelitoa yeye. Nimelifikiria sana tangu hapo, na ukweli ni kwamba leo ningerudishwa kwenye kiti kile, mama yuko nyumbani na boflo lake, sijui kama ningefungua mdomo. Tulinyamaza ili asife, na akafa. Mengine yote ningeyavumilia, lakini upande wa kushoto sikumwosha, na aliniomba mimi.

Daktari akasogeza kiti chake karibu. Akasema tunaanza upya, taratibu, kwamba kiuno kitatulia tena. Akamwashiria binti, na binti akaniuliza lile swali lake, safari hii kwa woga.

"Sasa unataka uweze kufanya nini, mama?"

"Kufua," nikasema.

Nadhani alifikiri namdhihaki. Uso ukamshuka. "Lakini hilo unaliweza," akasema. "Tulishalimaliza. Kiuno kikipoa utafua kama kawaida."

Nikamwambia kwamba kwetu nguo za marehemu hufuliwa, kisha hutolewa sadaka. Kanga zake, magauni yake, ile shuka aliyokuwa amejifunika asubuhi ile. Wifi amejitolea kuzifua, nimemkatalia. Beseni liko juu ya meza, karibu na bomba, pale pale alipoliweka yule binti. Kibao cha mguu kipo. Nguo zimo ndani ya beseni tangu siku ya pili ya msiba, na kila asubuhi nakwenda nasimama kama alivyonifundisha, mguu juu, mgongo sawa, nainama kidogo nazinusa.

Maji sijayafungua.